Apareyi ya picha ya zamani hainunuliwi kwa jina lililochongwa juu yake

Filimu za picha, ambazo watu wengi walifikiri zimekwisha kuzikwa, zimerudi. Vijana wa Marekani, Ulaya na Japani waliozaliwa na simu mukononi wanatafuta apareyi za babu zao, na bei zimepanda. Mupiga picha wa Bukavu ao wa Goma anaona mambo hayo kwenye simu yake sawa na mwenzake wa Paris. Na kama ana dada ao kaka aliyepelekwa Marekani na mupango wa wakimbizi, huko Dayton, Louisville ao Boise, njia iko wazi: anaona apareyi kwenye munada wa enterneti, anatuma picha ya ekrani kwa WhatsApp, anaandika "yaya, pandisha kidogo", na ndugu analipa.

Hapo ndipo feza zinapotea. Si kwa sababu minada hiyo ni ya wezi, ni kwa sababu watu wananunua jina kuliko kununua kitu.

Ni vizuri kuelewa kwanza vitu hivyo vinatoka wapi. Marekani kuna mashirika ya musaada yanayopokea vitu vilivyokwisha kutumiwa na kuviuza. Kubwa linalojulikana ni Goodwill, ambalo muchungaji wa Methodisti Edgar Helms alilianzisha Boston mwaka wa 1902. Feza zake zinasaidia watu kufundishwa kazi. Mwaka wa 1999 tawi lake la Orange County, California, lilifungua soko la munada kwenye enterneti, ShopGoodwill, na matawi mengine yakaingia. Muzee akifariki, watoto wanaosha nyumba, wanatia vitu katika makartoni, wanapeleka. Ndani ya kartoni kunaweza kuwa na sahani, saa ya ukutani, gitaa, na apareyi ya picha ambayo hakuna mutu aliyeigusa kwa miaka makumi mane. Mufanyakazi anayeipiga picha ya kuitia kwenye munada si fundi wa apareyi. Anaandika maneno machache: "Kamera ya zamani. Haikujaribiwa."

Neno hilo "haikujaribiwa" linasomwa na wengi kama kusema: labda inatumika. Mutu mwenye akili alisome hivi: haitumiki, mupaka ionekane kinyume. Bei anayokubali kupandisha iwe bei ya apareyi iliyokufa.

Wengi wanatafuta zile zinazoitwa apareyi za telemetri. Mutu akichungulia kwenye dirisha lake dogo, anaona kitu kimoja mara mbili, kama mulevi anavyoona taa ya barabara. Anazungusha obyektifu, lile jicho la kioo la mbele, mupaka picha mbili ziingiliane na kuwa moja. Zikiwa moja, umbali uko sawa na picha itatoka safi. Kazi hiyo inafanyika kwa sababu apareyi iko na macho mawili yaliyoachana kidogo, sawa na uso wa mutu. Macho yakiachana zaidi, kipimo kinakuwa kikali zaidi. Mupiga picha haangalii kupitia obyektifu, anaangalia pembeni yake. Ndiyo maana wengine walipiga arusi nzima kifuniko kikiwa kingali juu ya kioo.

Basi mutu anayeangalia picha ya munada atafute macho hayo mbele ya apareyi, upande wa juu. Akiona dirisha kubwa na lingine dogo limeachana nalo, kuna tumaini. Akiona dirisha moja tu, hiyo ni apareyi ya kukisia umbali kwa macho, hata kama muuzaji ameandika telemetri kwa herufi kubwa. Akiona nundu katikati ya kichwa, ni refleksi, jamaa nyingine kabisa. Na kile kioo chenye vidoti kama sega la asali si jicho la telemetri: ni kipima mwangaza cha seleniumu, kisichotumia batri. Kinadanganya watu wengi kwa sababu kinang'aa.

Jina linaloponza watu zaidi ya yote ni Leica. Fundi Oskar Barnack, katika kiwanda cha Ernst Leitz muji wa Wetzlar, Ujerumani, alitengeneza apareyi ndogo ya filimu ya sinema, na ikaanza kuuzwa mwaka wa 1925. Telemetri iliyounganishwa na obyektifu ilikuja na Leica II mwaka wa 1932. Kitu kizuri kinaigwa. Kufikia mwaka wa 1934, huko Kharkov, katika inchi inayoitwa leo Ukraine, apareyi inayofanana nayo ilikuwa inatengenezwa katika makao ya vijana waliookotwa barabarani, yale yanayojulikana kwa jina la mwalimu Anton Makarenko. Makao hayo yalibeba jina la Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mukubwa wa polisi ya siri ya Wasovyeti, na apareyi ikaitwa kwa herufi za kwanza za majina yake: FED. Kisha vita, kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow kikatoa dada yake, Zorki, tangu mwaka wa 1948. Jina hilo kwa Kirusi ni kusema mwenye macho makali.

Hakuna aibu katika historia hiyo. Watoto wa barabarani kutengeneza chombo chenye vipimo vya sehemu ndogo za milimita ni jambo ambalo miji yenye mashege wengi ingeweza kulitazama kwa wivu. Aibu ilikuja kisha, wakati Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika. Wafanya biashara walichukua FED na Zorki za bei ya chini, wakafuta majina yake, wakachonga "Leica", wakaongeza tai la jeshi la Hitler ao maneno ya kijeshi ya Kijerumani, wengine wakazipaka rangi ya zahabu na kuzivika ngozi ya nyoka. Hizo ndizo zinazozunguka kwenye minada mupaka leo.

Mupiga picha mumoja wa Kadutu alipata moja ya namna hiyo. Inang'aa kama saa ya bwana arusi. Shemeji yake alilipa dola 280 kwa muuzaji wa enterneti ambaye aliandika kwamba ni ya rubani wa vita, na dola hizo zilikuwa zimewekwa kwa mabati ya nyumba ya mama yao. Ilipofika, fundi mumoja wa saa alifungua obyektifu, akatazama ndani kwa tochi ya simu, akairudisha bila kusema neno. Ilikuwa Zorki. Mambo ya ajabu ni kwamba ilipiga picha vizuri. Mutu huyo angeweza kununua Zorki ile ile, na jina lake la kweli, kwa sehemu ndogo ya feza hizo, na mabati yangekuwa juu ya nyumba.

Fundi wa saa alitazama kitu gani? Ndani ya mudomo wa apareyi, upande wa juu, kuna kijimukono kinachogusa nyuma ya obyektifu na kupeleka umbali kwa telemetri. Kwenye Leica halisi ya wakati huo, kijimukono kinaishia kwa gurudumu dogo la muviringo. Kwenye FED na Zorki za kwanza, kinaishia kwa kipande cha chuma kizima chenye umbo la kabari. Obyektifu zenyewe zinafungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, kwa hiyo kuifungua ni kazi ya nusu dakika. Muuzaji akiombwa picha ya ndani ya mudomo na akaanza kuzunguka-zunguka na maneno, jibu limekwisha kutolewa. Zahabu, ngozi ya nyoka na swastika ni jibu hata bila kuomba. Kweli, Leitz aliuzia jeshi apareyi, lakini haziwezi kuwa ndizo hizo zote zinazouzwa kila juma.

Namba nayo inasema. Leica M3, ile ya mwaka wa 1954 ambayo obyektifu yake inashikwa kwa kuzungushwa kidogo tu kuliko kufungwa kama parafujo, ilianza kwenye namba 700000. Orodha za namba za Leica na miaka yake zimechapishwa, kila mutu anaweza kuzisoma. Kama muuzaji anasema ya mwaka wa 1936 na namba inasema mwaka mwingine, mumoja kati yao anadanganya, na chuma hakina sababu ya kudanganya.

Kuna jamaa ya pili ambayo inachanganya hata wenye kujua kidogo: Contax na Kiev. (Kiev, si Kivu, ingawa simu nyingi zinasahihisha neno hilo bila kuombwa.) Contax ilikuwa mushindani mukubwa wa Leica, kazi ya Zeiss Ikon wa Dresden. Contax II ya mwaka wa 1936 ndiyo iliyounganisha dirisha la kuchungulia na telemetri katika tundu moja. Kisha vita, Wasovyeti walichukua vyombo vya kuitengeneza, na kiwanda cha Arsenal katika muji wa Kiev kikaendelea na apareyi ile ile tangu mwaka wa 1947. Kwa hiyo Kiev za kwanza si kopi kama watu wanavyosema kwa zarau: ni mutoto aliyehamishwa na kupewa jina jingine, jambo ambalo wakaaji wengi wa mashariki ya Kongo wanalielewa bila kuelezwa. Kwenye Kiev nyingi, na kwenye Zorki-4 pia, tarakimu mbili za kwanza za namba ni mwaka: 58 ni 1958. Na mwenye kupata Zorki-4 asisahau: kwanza kukaza, kisha kuchagua kasi. Akigeuza utaratibu huo anaweza kuharibu mashine.

Wajapani wanaombwa nafasi ndogo hapa, ingawa kwa mutu wa pato la kawaida apareyi zao ndizo zenye akili zaidi. Canonet ya Canon ilitoka mwaka wa 1961, Yashica Electro 35 mwaka wa 1966. Obyektifu zake hazitoki, kazi yake ni tulivu, picha zake ni safi. Tatizo ni batri. Nyingi zilitengenezwa kwa batri za zebaki, ambazo hazitengenezwi tena kwa sababu ya sumu, na lazima kutafuta kitu cha kuziba pengo. Electro 35 bila batri inabaki na kasi moja tu, 1/500. Canonet QL17 inapiga picha hata bila batri, ni kipimo cha mwangaza tu kinacholala. Mahali ambapo umeme unakatika kila siku na batri za pekee zinasubiriwa kutoka mbali, tofauti hiyo inapita uzuri wote wa jina.

Ile inayoonekana mara nyingi kwenye minada ya Marekani ni Argus C3, ya Ann Arbor, Michigan, iliyotengenezwa tangu mwaka wa 1939 mupaka 1966. Wamarekani wenyewe wanaiita tofali, na umbo lake linastahili. Inatambulikana kwa gurudumu lenye meno lililoko mbele, wazi kabisa, linalounganisha obyektifu na telemetri. Ziliuzwa zaidi ya milioni mbili. Mutu akisikia "nadra sana" juu ya Argus C3, acheke na apite.

Majina yenyewe yanabadilika pia bila udanganyifu wowote. Tarehe 20 mwezi wa pili mwaka wa 1962, John Glenn alizunguka dunia katika chombo cha anga akiwa na apareyi ndogo iliyonunuliwa katika duka la kawaida la Florida. Juu yake palikuwa pameandikwa Ansco Autoset. Ilikuwa Minolta Hi-Matic ya Japani, iliyouzwa Marekani kwa jina la kampuni ya huko. Anayetafuta neno "Minolta" peke yake kwenye munada anaipita Ansco bila kuitambua, na anayejua anailipa kwa bei ya kahawa.

Kisha kujua ni apareyi gani, kubaki kujua kama iko hai. Picha ya munada inaonyesha mengi kuliko muuzaji anavyojua. Utando mweupe kama wa buibui ndani ya kioo ni kuvu. Bukavu, na mvua zake za miezi tisa na hewa ya ziwa, si mahali pa kuleta kuvu iliyokwisha kuanza. Apareyi ikifika, ikae mahali pakavu, isifungiwe katika mufuko wake wa ngozi uliolowana. Pazia la kitambaa la Leica, FED na Zorki linatobolewa na jua: mutu akiacha obyektifu ikitazama jua bila kifuniko, inachoma kitambaa kama kioo cha kuwashia moto. Kwenye Zorki-4 mufuniko wa nyuma unatoka, muuzaji anaweza kuutoa na kuonyesha pazia mbele ya taa. Kwenye Leica za zamani na Zorki ya kwanza filimu inaingizwa kwa chini, nyuma haifunguki, lazima kutoa obyektifu. Kitu kimoja hakionekani kwenye picha hata kidogo: kama picha mbili za telemetri zingali zinaonekana, maana vioo vyake vidogo vinafifia na umri. Hapo lazima kuuliza, na kulipa kama mutu ambaye hakujibiwa.

Sasa kuna swali ambalo wengi wanaliepuka. Shirika la musaada likiuza kwa dola 20 apareyi ya dola elfu moja kwa sababu halikuitambua, je, mununuzi ameiba? Hapana. Munada ni wazi kwa wote, na kujua ni kazi iliyolipiwa kwa usiku mwingi wa kusoma. Lakini kuna wanaofanya zaidi: wanamuandikia muuzaji kwamba ni kopi ya Kirusi isiyo na samani ili bei ibaki chini, huku wanajua ni ya kweli. Hiyo si akili ya biashara. Ni uongo ule ule wa wale waliochonga tai juu ya Zorki, umegeuzwa tu upande. Feza zilizokosekana pale zilikuwa za kumufundisha mutu kazi. Mashirika nayo yana sehemu yake: picha moja ya ndani ya mudomo na moja ya namba, kuwekwa chini ya kila apareyi, ingefunga minyororo mingi ya udanganyifu na haingedai fundi yeyote.

Na jambo hili si la Marekani peke yake. Katika nyumba za Bukavu, Uvira, Kindu na Lubumbashi kuna sanduku za babu aliyekuwa karani, mwalimu ao mufanyakazi wa migodi, na ndani yake mara moja moja kuna apareyi. Wanunuzi wa vyuma wanapita barabarani wakiita, na apareyi inaondoka pamoja na sufuria iliyotoboka, kwa franka zisizofika bei ya kilo ya muchele. Hasara ya bei ni ndogo. Hasara kubwa ni kwamba hakuna aliyeangalia kama ndani kuna filimu.

Tangu mwaka wa 1996 familia ngapi za Kivu zimekimbia zikiacha albamu ukutani? Wengi hawana picha hata moja ya baba. Filimu iliyobaki katika apareyi, ikiwa haikupigwa na mwangaza, inaweza kungali na picha kisha miaka 40 ao 50, zimefifia, zina madoa, lakini uso unatambulikana. Filimu ya nyeusi na nyeupe inavumilia kuliko ya rangi. Kuangalia hakudai kufungua, tena kufungua ndiko kunaiua. Kazungushe taratibu kile kifundo cha kurudishia filimu, upande wa mushale. Kikizunguka bure, hakuna kitu. Kikikaza, kuna filimu: imalizwe kurudishwa katika kibweta chake, ipelekwe kwa mutu anayejua kuisafisha, na kama hayuko karibu, isubiri katika giza na ubaridi. Imekwisha kusubiri miaka mingi.

Wanaonunua kwenye minada ya Marekani wanakutana na jambo hilo hilo, na wengi wanafungua kwa pupa ili kuona kama pazia ni zima. Namba ya kuhesabia picha inaweza kuwaonya. Kwenye Zorki haina maana sana, kwa sababu inarudishwa kwa mukono na watu walisahau. Kwenye Canonet inarudi yenyewe mwanzo kila mara mufuniko wa nyuma unapofunguliwa. Canonet ikionyesha 17 kwenye picha ya munada, chini ya maneno "kamera ya zamani, haikujaribiwa", basi kuna uwezekano mukubwa kwamba mutu fulani alipiga picha 17, akaiweka mezani, na hakurudi kupiga ya 18.